Kuzunguka kijiji kwa miguu: mwongozo kamili wa kutembea kati ya msitu na mashamba

Kijiji unakiona kabisa. Mapaa yake yako pale ng'ambo ya konde la mahindi, jogoo anawika, na bado hujui utafikaje bila kukanyaga mazao ya mtu. Watu wanaojipanga wiki nzima kabla ya kupanda mlima huondoka mikono mitupu wakienda kuzunguka kijiji, kwa sababu "ni hapa hapa tu." Hao hao ndio hurudi usiku. Mlima huwa na njia moja au mbili zinazojulikana. Kijiji kina njia mia: ya kisimani, ya kuchunga, ya kuni, ya trekta, na ile iliyokatwa na watoto wa shule waliochoka kuzunguka.

Nimetembea hivi kwa miaka, na karibu kila nilipopotea palikuwa mahali pa aina moja: ukingoni, pale msitu unapoachia shamba au shamba linapoishia kwenye miti. Ndani ya msitu unafuata kijia. Katikati ya shamba unaona mbali. Ukingoni kijia kinapasuka vipande vitatu, macho yako bado yanazoea mwanga mwingine, na miguu inaendelea kwenda yenyewe. Kwa hiyo nitakaa sana hapo, na mengine nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Chora duara lenye mkato

Matembezi mazuri ya kijijini huanza na kuishia mahali pamoja bila kurudia njia. Kilomita 8 hadi 12 zinamtosha mtu wa kawaida kwa nusu siku. Hakikisha duara lako lina walau mahali pamoja pa kukatizia, yaani njia itakayokurudisha mapema mvua ikianza au kiatu kikikung'ata.

Kisha amua uanzie upande gani. Penye jua kali, mimi huanza na mashamba asubuhi, umande ungali kwenye majani, halafu msitu wakati wa mchana kivuli kinapotakiwa. Penye baridi hufanya kinyume. Kwa vyovyote vile, panga uwe umeshatoka msituni saa nzima, ikiwezekana mbili, kabla ya jua kuzama. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko uwanjani, na huko ndiko utakakohitaji kuona mizizi.

Kuhusu ruhusa ya kupita, sheria hazifanani. England na Wales zina njia za umma zinazokatiza mashamba ya watu, zimechorwa kwenye ramani, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Uswidi ina haki ya jadi inayomruhusu kila mtu kutembea porini, ila si kwenye mazao yaliyoota wala karibu na nyumba ya mtu. Kwingi duniani jibu ni la mwenye shamba mwenyewe. Usipojua, chukulia kwamba unapita kwa hisani yake na uulize.

Hatua ya 2: Isome ramani, kisha itilie alama kwenye kingo

Ramani ya skeli ya 1:25,000 ndiyo inayofaa zaidi: sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, na mara nyingi hata mipaka ya mashamba huonekana. Ile ya 1:50,000, sentimita 2 kwa kilomita, inatumika, ila humeza vijia vidogo. Pale ambapo ramani hizo hazipatikani, OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea, huwa na vijia ambavyo hungevitarajia. Pakua eneo lako kwenye simu kabla ya kuondoka. GPS ya simu haihitaji mtandao ili ijue ulipo. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani yenyewe.

Picha za setilaiti zina mtego wake. Zinaonyesha shamba lilivyokuwa siku ilipopigwa picha, na shamba hubadilika kila msimu. Kijia unachokiona kikikatiza konde huenda kimeshalimwa, na mahali palipokuwa peupe pana mahindi yanayokupita kimo.

Sasa chukua penseli. Kila mahali duara lako linapoingia au kutoka msituni, weka alama. Kando ya kila alama andika mambo mawili: utakuwa unaelekea upande gani wa dira, na kitu gani kitathibitisha kwamba umepita penyewe. Daraja, kona ya uzio, mti uliosimama peke yake, nguzo za umeme. Kazi hii ni ya dakika kumi, nami sijawahi kuijutia.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vya sasa ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Duara la kilomita 10 lenye vilima vya jumla ya mita 300 ni saa mbili na nusu. Lakini kanuni hii inachukulia njia ni nzuri na mtu hasimami. Haijui mageti, matope, wala mzee atakayekusimamisha akuulize unatoka wapi. Kijijini mimi huongeza nusu ya muda uliopatikana, kwa hiyo hizo saa mbili na nusu zinakuwa karibu nne.

Kuna na hesabu ya vidole. Unanyosha mkono, unapanga vidole kati ya jua na upeo wa macho (usilikodolee jua lenyewe), na unaambiwa kila kidole ni dakika 15 kabla ya machweo. Hesabu hiyo ni ya nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua hushuka kwa mshazari. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na kidole kwenye mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 2. Hizo ni dakika 8. Aliyetegemea vidole vinne vimpe saa nzima atabaki na nusu saa.

Hatua ya 4: Unachobeba

Maji nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto. Kitu cha kula. Koti jepesi la mvua, soksi za akiba, plasta, kibano chenye ncha nyembamba, filimbi, tochi ndogo, ramani ndani ya mfuko wa plastiki, dira. Suruali ndefu hata kama ni joto, na miguu ya suruali iingizwe ndani ya soksi kwenye nyasi ndefu. Viatu viwe ulivyokwisha kuvivaa siku nyingi.

Usidharau fimbo. Inapima kina cha dimbwi, inaondoa utando wa buibui usoni pako, inapiga nyasi mbele ili nyoka asikie mtu anakuja, na inakushika kwenye mteremko wenye utelezi. Na ukihisi kisigino kinapata joto ndani ya kiatu, simama papo hapo ubandike plasta. Ukisubiri mpaka kiume, lengelenge limeshatoka.

Hatua ya 5: Uliza njia kama anayetaka jibu

Ukimuuliza mtu, "Njia hii inakwenda mtoni?" atakuambia, "Ndiyo." Ni kwa heshima, au kwa haraka, au kwa kuwa kila njia mwishowe hufika mtoni. Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo: "Samahani mama, njia ya kwenda mtoni ni ipi?" Kisha nyamaza, ungoje mkono unyooke. Ukinyooka, mfuate kwa macho mpaka uone anachokionyesha.

Swali la pili ndilo lenye faida kubwa, na watu wachache hulikumbuka: "Nikiona nini nijue nimepitiliza?" Hapo ndipo utaambiwa habari za kisima kilichobomoka au kibanda cha bati, vitu ambavyo hakuna ramani iliyovichora. Swali la "ni mbali?" usilipe uzito. Mwenyeji hutembea haraka kuliko wewe, na "hapo tu" ni hapo tu kwake.

Chagua pia wa kumuuliza. Mchungaji anajua vijia vyote mpaka vile vya mbuzi. Mwenye gari anajua barabara tu, na atakurudisha barabarani.

Hatua ya 6: Ndani ya mashamba

Pita pembezoni mwa konde, mmoja nyuma ya mwenzake. Kijia kikiwa na tope, pita katikati ya tope. Najua inaudhi, lakini kila anayekwepa pembeni hupanua njia kwa hatua moja, na msimu ukiisha mkulima amepoteza mstari mzima wa mimea.

Geti liache ulivyolikuta. Ulilolikuta wazi pengine limeachwa makusudi ili ng'ombe wafikie maji. Ukilifunga kwa wema wako, umewafungia wanyama kiu. Ukilazimika kulipanda, pandia upande wa bawaba, ambako lina nguvu, si upande wa kufuli ambako uzito wako utalipinda. Waya mwembamba uliopita kwenye vishikizo vya plastiki huenda una umeme. Usiujaribu kwa kidole.

Ukimwona mtu na bomba la kunyunyizia dawa mgongoni, au ukinusa viuatilifu, zunguka kwa upande upepo unakotokea na usiguse majani. Mizinga ya nyuki ipite kwa nyuma. Nyuki wana njia yao angani mbele ya mlango wa mzinga, na anayesimama hapo kupiga picha amefunga barabara yao.

Mfereji wa umwagiliaji ni mwongozaji mzuri sana. Maji yake huteremka polepole mno, hivyo mfereji hufuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja: ukitembea kando yake hutapanda wala kushuka sana. Ila utazunguka kila kilima kama yanavyozunguka maji, na kilomita zitaongezeka.

Hatua ya 7: Mifugo na mbwa

Ng'ombe wachanga hufuata watu kwa udadisi. Wageukie, nyosha mikono kando, endelea kutembea taratibu. Usikimbie. Ng'ombe mwenye ndama ni habari nyingine: usipite kamwe kati yake na mwanawe, hata kama kijia kinapita hapo hapo. Zunguka, na kama huna pa kuzunguka, rudi. Fahali aliyeinamisha kichwa na kuparura ardhi ameshakuonya.

Ukiwa na mbwa wako, mfunge kamba. Ng'ombe wakiwajia kwa kasi, mwachie. Wanamtaka yeye, na yeye ana mbio kuliko wewe. Ukimshika utakuwa umewaleta kwako. Mbwa wa kulinda kundi au nyumba mpe nafasi pana, usimkodolee macho, ondoka kinyumenyume bila kumpa mgongo.

Hatua ya 8: Kabla ya kuingia msituni, simama

Huu ndio ukingo wa kwanza. Simama dakika nzima. Geuka uangalie nyuma, kwa sababu mahali hapo ukitokea ndani patakuwa na sura nyingine kabisa. Tazama dira. Tazama saa. Soma alama uliyoiandika kwa penseli. Kisha chunguza vijia vyenyewe, maana kwenye ukingo huwa viko zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina tabia yake.

Njia ya magurudumu, pana na yenye mabonde mawili, hukuvutia kwa sababu ni rahisi kutembea. Mara nyingi ni ya wakata miti. Inaingia msituni, inagawanyika kama vidole, kisha inakufa kwenye visiki. Kijia cha kuni huanza vizuri na kinazidi kuwa chembamba kila mita mia, kwa kuwa kila mwenye kuokota kuni ameachana na wenzake mahali pake. Kijia cha wanyama kimesafishika chini, lakini matawi yanakupiga kifuani. Mbuzi hana haja ya kukata tawi lililo juu ya mgongo wake. Njia ya watu wanaokwenda upande wa pili ina upana ule ule mwanzo hadi mwisho, nyayo zake zinaelekea pande zote mbili, na matawi ya usawa wa kichwa yamevunjwa au kukatwa. Hiyo ndiyo unayoitaka, hata kama ndiyo mbaya kuliko zote kwa macho.

Ukishaingia, hesabu hatua. Pima kwanza mahali tambarare: hesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini kwenye mita 100. Watu wengi hupata kati ya 60 na 70. Msituni na kwenye kupanda zitaongezeka. Ramani ikisema njia panda iko mita 400 mbele, na umeshatembea mita 600 bila kuiona, unajua umeipita.

Usitegemee simu peke yake humo. Mahali wazi GPS ya simu hukosea kama mita 5, lakini chini ya majani mazito kosa hukua, na vijia viwili vilivyo karibu vinaweza kuonekana kimoja. Usitegemee pia ile hadithi ya kuvumwani kuota upande mmoja tu wa mti. Kuvumwani hufuata unyevu, na bondeni huota pande zote.

Kukiwa na upepo mkali, usipumzike chini ya mti mkavu. Tazama juu kabla ya kukaa.

Hatua ya 9: Kutoka msituni

Siku moja nilitoka kwenye msitu wa misonobari nikiwa na hakika kabisa. Mbele yangu palikuwa na shamba, na ng'ambo yake paa jekundu, na kwenye ramani palikuwa na shamba na nyumba. Tatizo lilikuwa kijito. Kwa ramani kilipaswa kuwa kushoto. Mimi nilikisikia kulia. Badala ya kusimama, nikajiambia, "Kitakuwa kimepinda." Nikatembea dakika 40 nikiipinda ramani ifanane na nilichokiona, mpaka nikafika kwenye njia ya reli ambayo haikuwa popote karibu na duara langu. Ndani ya msitu nilikuwa nimeshika njia pana ya wakata miti.

Kwa hiyo utokapo, kabla ya kufurahia mandhari, tafuta vitu vitatu vinavyokubaliana na ramani. Kimoja hakitoshi, kwa kuwa kila shamba duniani lina nyumba ng'ambo yake. Kitu kimoja kinachokataa, kama kijito changu, kina uzito kuliko viwili vinavyokubali.

Kuna na ujanja wa kukosea makusudi. Tuseme unatoka msituni kuelekea kwenye daraja la mto, kilomita 1 mbele, na kijia kimelimwa. Ukielekeza dira darajani moja kwa moja na kukosea nyuzi 5 tu, utafika mtoni karibu mita 90 pembeni, na hutajua daraja liko kulia au kushoto. Badala yake elekeza dira kushoto kwa daraja kwa makusudi, nyuzi 10 hivi. Ukifika majini, unageuka kulia bila kufikiri. Ujanja huo huo unafaa kwa geti kwenye uzio mrefu, au kwa njia panda barabarani.

Hatua ya 10: Ukipotea, na radi ikianza

Dalili ya kwanza ya kupotea ni kuongeza mwendo. Ukijikuta unaharakisha bila sababu, kaa chini. Kunywa maji. Jiulize mahali gani pa mwisho ulipokuwa na hakika napo, na kama ni chini ya nusu saa nyuma, rudi huko kwa njia ile ile uliyojia. Usikate mkato kuelekea unakodhani njia iko. Huwezi kurudi? Tafuta kitu kirefu ambacho lazima kifike mahali: nguzo za umeme, mfereji, barabara unayoisikia. Kukiingia giza au ukiumia, baki ulipo. Puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Namba 112 hufika kwenye huduma za dharura katika nchi nyingi, na mara nyingi simu hutumia mtandao wowote uliopo kuipiga.

Ngurumo ihesabu tangu uone mwanga: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukihesabu chini ya 30, tafuta jengo au gari lililofungwa. Ukiwa huna, ondoka katikati ya konde, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake, ondoka kwenye uzio wa waya. Bora bondeni kwenye miti mifupi yenye kimo sawa. Usirudi mahali wazi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kijito kilichojaa baada ya mvua hiyo, kama maji yanafika magotini na yanakwenda kasi, usikivuke. Huo ndio wakati wa kutumia ule mkato wa hatua ya kwanza.

Hatua ya 11: Ukifika

Vua nguo ujikague kupe: nyuma ya magoti, kinena, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima polepole bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Osha mahali hapo, andika tarehe, na ukiona homa au upele unaopanuka katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umwambie uliumwa na kupe.

Kabla ramani hujaikunja, sahihisha kwa penseli vijia vilivyolimwa, geti lililohamishwa, na kile kibanda cha bati ulichoambiwa. Mwisho, chukua kijiti ukwangue tope kwenye soli za viatu hapo hapo kabla ya kuondoka. Ndani ya tope hilo mna mbegu za magugu na wakati mwingine magonjwa ya mimea, na matembezi yako yajayo huenda yakapita kwenye shamba la mtu mwingine.